Alinyamaza Kwenye Jina la Abuto

Jumanne, 11 Februari

Omena ya leo, hawa dagaa wetu wa ziwani, imekauka mapema. Jua kali, upepo hakuna. Korongo wamesimama pembeni ya nyavu kama wazee wa baraza wanangoja chai. Nimewarushia kandambili. Imeingia ziwani, ikaenda. Nimerudi nyumbani mguu mmoja peku.

Mwalimu wa gumbaru, darasa letu la watu wazima, anasema tuandike kila siku hata mstari mmoja, mkono usisahau. Wenzangu wanaandika Kijaluo. Mimi Kiswahili. Mimi ni Mkuria, nimezaliwa Migori upande wa mpaka, nikaolewa hapa Rusinga na Mjaluo. Yeye hakujua neno la kwetu, mimi sikujua la kwao. Kiswahili cha sokoni ndicho kilituoza, kikatulelea watoto na sasa wajukuu. Watu hapa bado wananiita Nyar Kuria, binti wa Wakuria. Sijali. Ndivyo nilivyo.

Ogola, mjukuu wangu mkubwa, ameniletea sukari. Anasema alibeba mizigo Mbita. Akaniinamia mlangoni: "Mke wangu, leo chai iwe nzito." Nimecheka mpaka mbavu. Ana miaka kumi na saba na anajua kufurahisha mtu. Ni babu yake kabisa, hata jina ni lake.

Abuto, mdogo wake, karudi mdomo umepasuka. Shule hakwenda, hata sare hakuvaa. Sikumuuliza nani kampiga. Nilijua atakuwa ameanza yeye. Nikamwambia akae nje. Baadaye nimemkuta jikoni, kichwa ndani ya sufuria ya ugali, anadokoa. Nimempiga mwiko wa mgongo. Miaka kumi na tano na bado anaiba chakula nyumbani kwao.

Jumatano, 12 Februari

Taa za omena zimeibwa bichi, pale boti zinapolala. Taa na betri zake, za boti ya mwenyekiti wa bichi; haikuwa imetoka tangu Jumapili, usiku wa jana ndipo wakakuta hazipo. Bila taa omena haipandi juu, na bila omena hakuna mtu anakula hapa, kuanzia mwenye boti mpaka sisi tunaoanika. Wanaume wamepita nyumba kwa nyumba na fimbo. Nimewaambia waingie watafute. Kwangu hakuna mwizi.

Nilipokuwa nasema hivyo nilimtafuta Abuto kwa macho. Hakuwepo.

Alhamisi, 13 Februari

Wamemshika Abuto na betri.

Alikuwa njia ya bichi asubuhi, gunia begani, betri ndani. Walimpiga. Mtu alishaleta tairi. Mwenyekiti mwenyewe, mwenye mali, ndiye aliyemlalia juu akawaambia mkitaka kumchoma mnichome na mimi. Mungu amwone yule mzee.

Nimefika kituo cha polisi nimevaa kandambili moja yangu na moja ya Ogola. Mtoto ana jicho moja limefunga. Sikumshika. Niliona damu, mikono yangu ikataka, nikaizuia. Nilimwambia, "Nilijua. Jina lako limekufikia." Akanitazama na lile jicho moja. Askari akauliza nani wengine. Hakusema kitu.

Ogola alikuwa nyumbani amelala. Anasema kichwa kinamuuma.

Jumamosi, 15 Februari

Sijalala vizuri. Omena nimeacha jirani anigeuzie.

Niandike habari ya majina, kwa sababu ndiyo inazunguka kichwani.

Hapa kwa Wajaluo mtoto mchanga akilia bila kukoma, wanajua kuna mtu wa ukoo aliyekufa anataka jina. Basi unamshika mtoto, unaita majina ya marehemu mmoja mmoja. Akinyamaza, huyo ndiye. Mimi nilikuja nikayakuta haya, nikayapenda. Nikayashika kuliko wenyewe.

Ogola alipozaliwa, mume wangu alikuwa na mwaka tangu azikwe. Nilimwita mtoto "Ogola?" akanyamaza papo hapo. Nililia. Nilikuwa mjane, nikarudishiwa mume amefungwa shali. Tangu siku ile firigisi ya kuku, fungu la mwenye boma, ni yake. Hajawahi kuonja fimbo katika boma hili, nilikataza. Nani apige mume wangu?

Abuto alipozaliwa alilia mchana kutwa. Niliita wote. Wazuri wote wa ukoo niliita. Analia tu. Mwisho, kwa uchovu, nikamtaja shemeji yangu Abuto, ndugu ya mume wangu, aliyekuwa mwizi wa nyavu, aliyefia mbali kwa sababu hapa alikuwa amefukuzwa. Mtoto akanyamaza.

Nilijaribu tena kesho yake na jina lingine. Wazee wakasema usicheze.

Basi nimemlea huku nikimngoja yule mwingine atokee. Akivunja kikombe, huyo Abuto. Akipigana, huyo Abuto. Mwaka juzi aliuza jogoo wangu, nikasema si niliwaambia.

Ogola naye aliuza mbuzi. Nilisema ni utani wa vijana.

Jumatatu, 17 Februari

Korti. Wamempeleka Homa Bay, mahali wanapoweka watoto wakingoja kesi. Atarudi mbele ya hakimu tarehe kumi Machi. Kabla ya hapo afisa wa probesheni atakuja nyumbani kuuliza mtoto ni wa namna gani. Akisema nyumbani hakumfai, watampeleka shule ya kurekebisha, mbali, miaka.

Mwanangu Otieno, baba yao, yuko Migori kwenye machimbo ya dhahabu. Nimempigia simu. Akasema, "Mama, wacha akae huko ashike adabu." Huyu anayesema ni yule aliyekuja nyumbani mara mbili mwaka jana, mara zote na kiboko kwa Abuto na viatu kwa Ogola. Nilitaka kumtukana. Kisha nikakumbuka ni mimi niliyekuwa nampigia simu kumwambia nani anastahili nini.

Jumatano, 19 Februari

Ogola amenipa taa. Ya sola, nyeusi, ndogo kama sahani. Anasema kainunua Homa Bay soko la mitumba. "Mke wangu, usome mpaka uwe mwalimu." Ameona nahuzunika. Naandikia chini yake sasa. Mwanga mzuri. Macho hayaumi.

Ijumaa, 21 Februari

Afisa amekuja. Msichana mdogo, suruali, viatu vimejaa vumbi letu. Aliniamkia vizuri, akakataa kiti cha sofa akakaa kwenye kigoda. Nilimpenda. Kisha akaanza maswali, nikaacha kumpenda.

Nani anakula wapi? Ogola anakula na mimi ndani. Abuto anakula nje karibu na jiko. Mbona? Amezoea. Nani anamwadhibu? Sote. Na Ogola? Ogola hahitaji.

Akauliza Abuto ni mtoto wa namna gani. Nilimwambia wazi, mimi sizunguki. Nilisema huyu alizaliwa hivyo. Nikamweleza jina, shemeji, nyavu, jogoo. Nikasema hata kimya chake si kimya cha mtu mwema. Akaniuliza korti ikimrudisha nitampokea? Nikasema kaeni naye kwanza.

Nimeyaandika maneno hayo kama nilivyoyasema. Kaeni naye kwanza.

Ogola alikuja kumwamkia, akainama, mikono miwili, "Karibu madam." Yule msichana akamtazama muda.

Alipokuwa anainuka akaniuliza, "Nyanya, Abuto anapenda nini?"

Nini?

"Kitu chochote. Chakula, mchezo, wimbo. Anapenda nini?"

Nikasema anapenda ugomvi. Hakucheka. Akafunga mkoba, akaaga.

Jumapili, 23 Februari

Kanisani pasta amehubiri, sikusikia neno. Nilikuwa nahesabu anachopenda Ogola. Firigisi. Chai ya maziwa mengi. Mpira. Shati jeupe. Kulala na redio. Kubembelezwa akiwa na homa. Ningeendelea mpaka sadaka.

Kisha nikaanza Abuto. Nikafika sadaka sijapata kimoja.

Nimejikasirikia. Kisha nikamkasirikia yule msichana. Ni swali gani hilo la kumuuliza mtu mwenye kesi?

Jumatano, 26 Februari

Nimeenda Homa Bay kumwona. Nimembebea omena ya kukaanga na sabuni. Jicho limefunguka. Amekonda. Anaketi mbali kidogo na mimi, kama anavyokaa nyumbani. Nilidhani ni kiburi. Leo nimeona anapima umbali wa mkono wangu.

Akatazama chini akasema, "Dani, viatu vyako havifanani." Dani ndivyo wanavyoita nyanya hapa. Nimetembea hivyo wiki mbili na Ogola hajaona, na kimoja ni chake.

Akauliza Ogola anaenda shule? Nikamjibu vibaya. "Ogola mwache. Jifikirie wewe."

Mlinzi wa pale, mama mnene mcheshi, alinisindikiza mlangoni. Akaniambia, "Mama, huyu mjukuu wako umemlea wewe? Kuna katoto hapa kanakojoa kitandani, wenzake wanakacheka. Abuto anakaamsha mapema, wanafua shuka pamoja kabla wengine hawajaamka. Na nyimbo! Akiosha vyombo hanyamazi."

Nikamwambia atakuwa anachanganya watoto. Akaangalia daftari lake akasema, "Abuto wa Rusinga, si ndiye huyu?"

Hanyamazi. Abuto.

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza kwa hasira. Omena yote ya jana imeoza, nimewapa bata. Harufu boma zima.

Ile taa niliisahau juu ya paa ilipokuwa inakula jua. Asubuhi nimeikuta kwenye tope, rangi nyeusi imeanza kubanduka kama ngozi ya mjusi. Nikaisugua na majivu ili iwe safi. Chini ya rangi kuna maandishi mekundu. Nikaketi pale pale kwenye jiwe nikasoma kama tunavyofundishwa, kidole kwa kidole. A. Sa. Nte. Ma. Ma.

Asante Mama ni boti ya mwenyekiti.

Ni neno la kwanza nimesoma nje ya darasa peke yangu. Nilikuwa nangoja siku hiyo kwa furaha.

Nimekaa na taa mapajani mpaka mvua ikaanza tena.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwekea Ogola taa mezani mbele ya chai. Aliitazama, akatabasamu lile tabasamu lake.

"Mke wangu, kwani utanipeleka korti?"

Nikamwambia aseme. Akasema, kidogo kidogo, kama mtu anavua kiatu kinachobana. Ni yeye na vijana wawili wa bichi. Nyingine wameuza kisiwani Remba, huko hawaulizi. Betri moja waliificha kwenye simba, kile kibanda cha vijana mlangoni pa boma wanamolala wote wawili. Abuto aliikuta chini ya kitanda. Waligombana, ule mdomo uliopasuka ni Ogola aliupasua. Alhamisi Abuto akaamka mapema akaibeba kuirudisha bichi kimyakimya, mwenye mali asijue nani kaleta. Ndipo wakamshika.

Niliuliza mbona hukusema.

"Dani, mimi sikusema ni Abuto. Wewe ndiye ulisema. Mimi nilinyamaza tu."

Nikauliza, na Abuto mbona hakusema?

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyeulizwa mbona jua linachoma. "Angemwambia nani?"

Nilimpiga kofi. La kwanza katika maisha yake. Alishika shavu akanitazama kama mimi ndiye mwizi. Kisha nikamkumbatia. Nimempiga na nimemkumbatia, sijui kipi kilikuwa sawa. Vyote vimechelewa.

Alhamisi, 6 Machi

Sitaki kusema. Hiyo ndiyo kweli yenyewe. Nikisema, nampeleka Ogola. Nikinyamaza, Abuto anaenda miaka. Na nani atajua? Taa naweza kuitupa ziwani.

Nimetembea nayo mpaka majini, nimeifunga kwenye leso. Maji yalifika magotini. Nikamfikiria marehemu mume wangu. Huyo hakuwahi kuchukua hata mwiba wa samaki wa mtu. Kama angekuwa amesimama ufukweni angeniuliza, Boke, unafanya nini humo?

Nimerudi nayo. Nguo zimelowa, jirani anauliza kama nimebatizwa upya.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefika Rangwe kwa Akinyi, mama yao. Yeye na Otieno waliachana, akarudi kwa watu wake, anauza nyanya sokoni. Watoto walibaki kwangu kwa sababu ni wa boma letu. Hatujaongea vizuri miaka mingi. Nilimpata amefunika nyanya na turubai, mvua. Aliponiona alidhani mtoto amekufa. Akashika mlingoti wa kibanda.

Nilimwambia yote. Kuhusu taa, Ogola, yule afisa, na niliyomwambia. Sikujipaka asali. Alisikiliza bila kulia. Nikasema, Akinyi, niliogopa lile jina, ulimwona mwenyewe siku ile, niliita Abuto akanyamaza.

Akinyi akafuta mikono.

"Mama, alinyamaza kwa sababu nilimpa titi."

Sikuelewa.

"Ulimshika tangu asubuhi unamwitia watu waliokufa. Mtoto ana njaa. Maziwa yananichuruzika mpaka miguuni, mmeniambia ningoje jina litoke. Jioni nikashindwa. Nilimnyakua mikononi mwako nikamweka kwenye titi. Hukumbuki? Ulikuwa ndio unataja Abuto. Ungekuwa unataja sukuma wiki angeitwa Sukuma Wiki."

Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema, "Nilikuwa nimeolewa mwaka wa nne tu. Nani alikuwa ananisikiliza?"

Kisha nikauliza, na Ogola?

"Ogola alikuwa na usingizi, Mama."

Muuza viatu wa kibanda cha pili alikuwa anasikiliza, akaanza kucheka, akajizuia. Akinyi naye akacheka. Nilicheka pia, kicheko kikageuka, nikalia juu ya nyanya za watu. Akinyi akaniwekea kiti, akaendelea kuuza. Wateja walinunua wakiniangalia.

Jumamosi, 8 Machi

Mimi ni Mkuria. Sikuzaliwa na desturi ile. Niliikuta ni kitu kizuri, ni namna ya kusema hatujawasahau waliokwenda. Wazee wa hapa wanaita jina, wanacheka, wanakunywa uji, mtoto anakua. Hakuna aliyeniambia niligeuze kuwa hukumu. Hilo nililifanya mwenyewe.

Nimemwita Ogola ndani, nikamkalisha. Nikamwambia: wewe si mume wangu. Mume wangu alikufa, nilimzika, kaburi lile pale. Wewe ni mtoto na umefanya kosa, na nitakaa karibu na wewe ukilisema.

Alilia. Alilia kama mtoto mdogo, kamasi na yote. Nadhani ni kofi lile, au ni kwamba hajawahi kuwa mtoto kwangu. Akaniuliza kama bado nitampikia. Mjinga huyu. Nikamwambia nitakupikia mpaka nife, lakini firigisi imekwisha.

Jumapili, 9 Machi

Tumeenda kwa mwenyekiti baada ya kanisa. Ogola mbele, mimi nyuma nimeshika shati lake, asije akabadili mawazo. Akaweka taa chini akasema. Wale wenzake wawili walipopata habari wakavuka Remba mchana huo huo.

Mwenyekiti akasema, "Na yule niliyemlalia?" Nikasema yule alikuwa anakurudishia. Akavua kofia.

Jumatatu, 10 Machi

Korti. Nguo yangu ya kanisa. Viatu vinavyofanana, nimeazima.

Yule afisa msichana nilimvuta pembeni nikamwambia. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Aliongea na hakimu, hakimu akaniita nisimame. Mwanamke wa makamo, miwani. Akauliza, "Mama, ulimdanganya afisa?"

Nikasema, "Mheshimiwa, sikudanganya. Nilimweleza mtu nisiyemjua."

Akaandika.

Ogola alisema mwenyewe, sauti ndogo. Mwenyekiti akasema yuko tayari kijana amfanyie kazi bichi. Wamemweka chini ya probesheni, ataripoti kwa yule msichana kila mwezi, na shule lazima. Nilishukuru.

Abuto wamemwachilia. Afisa akamuuliza anataka kwenda wapi, kwa nyanya au kwa mama. Nilikuwa nimekuja na shuka lake jipya kwenye mfuko. Nilikuwa nimefagia upande wake wa simba.

Akasema, "Rangwe."

Nina haki gani? Nikampa Akinyi lile shuka. Nje Ogola akamsogelea nduguye akanyoosha mkono. Abuto aliutazama mkono ule, akamgonga kichwani kidogo, kama vijana wanavyofanya, akapita. Kwangu akasimama. Nikamwambia nisamehe, kwa maneno mawili, nisije nikaharibu. Akasema, "Sawa, Dani." Sawa ya mtu anayetaka kuondoka.

Jumamosi, 22 Machi

Hakuna habari. Ogola anaosha boti. Mikono imetoka malengelenge, analalamika kama bibi harusi. Leo karudi na harufu ya samaki badala ya manukato, akala chakula chote hata hakutazama ni nini.

Otieno amepiga simu kutoka Migori. Nimemwambia asije na kitu mkononi, si kiboko si viatu. Aje na miguu yake tu, aende Rangwe akae na mwanawe mdogo. Akasema atatazama. Nikamwambia asitazame, aje. Nikakata simu.

Kiporo cha ugali kimebaki tena. Nimezoea kupika wa watu watatu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimetoka Rangwe. Nilibeba omena na ndizi, nikajifanya nimepita tu.

Abuto alikuwa sokoni kwa mama yake, anapanga nyanya, kubwa chini, nzuri juu. Kweli anaimba. Mdomo umefungwa lakini wimbo unatoka. Aliponiona alinyamaza, nikageuka nikajifanya natazama vitunguu, akaanza tena.

Tulienda nyumbani kwao. Akinyi akapika ugali nje. Alipoupakua, Abuto akavuta sufuria bila kuuliza, akaketi nayo, akaanza kubandua ukoko kwa kijiko. Ule wa chini, mgumu, uliokaribia kuungua. Taratibu, anautoa mzima mzima kama ngozi ya ngoma. Nilinyanyuka nusu. Mkono wangu ulikuwa umeshaenda. Miaka yote ndivyo nilivyomkuta jikoni, kichwa ndani ya sufuria, nami na mwiko.

Akinyi hakugeuka hata. Akasema tu, "Usimalize, mwachie mtoto wa dada yangu." Kama jambo la kila siku.

Nikaketi. Abuto alinitazama, akautazama mkono wangu. Niliuweka chini ya mapaja. Baadaye kidogo akakata kipande, akanisogezea kwenye kifuniko. Kilikuwa kigumu kwa meno yangu. Nimekimumunya mpaka kikalainika.

Jina hakulibadilisha. Nilimuuliza kama anataka lingine, akasema hili ni lake. Basi ni lake.

Hakusema atakuja. Sikuuliza.

Jioni hii nimepika hapa, mimi na Ogola. Anaosha vyombo siku hizi. Alitaka kuloweka sufuria. Nimemwambia aiache kwanza.

Abuto anapenda ukoko. Yule msichana wa probesheni aliniuliza.